Mstari wa Nne

Alama ya dola inapepesa kwenye kioo cheusi,
dola pekee ya chumba hiki.
Naandika amri, nabonyeza, nangoja.
Mashine inabisha hodi kwenye ukuta wa mtandao,
inarudi mikono mitupu:
haikupatikana.

Hapa Arua mtandao wa shule ni bomba la zamu.
Barua pepe hupita, fomu za mitihani hupita,
faili zito huambiwa ligeuze.
Simlaumu mlinzi. Megabaiti mia tano
ndio mgao wetu wa mwezi,
na mwezi una siku nyingi.

Wanafunzi wameandika programu zao kwa kalamu
muhula mzima, kwenye daftari za mistari,
wakisahihishana kwa macho.
Candiru anasema
ni kushiba moshi wa jirani.

Nikampigia Onzima, Kampala.
"Nitumie kompaila," nikasema, "na jamaa zake wote."
Akacheka. Hakujua ukoo ulivyo mrefu.

Flashi ilifika Jumatano kwa basi la usiku,
ndani ya soksi, soksi ndani ya kopo la simsim.
Kondakta alidai elfu tano
na konzi mbili za simsim.
Nikafungua kifurushi cha kwanza: kinamtaka kaka yake.
Nikamleta kaka: hakai bila maktaba za hesabu,
tatu, zilizofuatana ziwa moja.
Ya kwanza ipo. Ya pili ipo.
Ya tatu namba zake za uhakiki hazilingani;
mahali fulani kati ya Karuma na kopo
biti moja iligeuka ubavu.
Hiyo niliilipia kwa bando la simu yangu,
usiku, bei ikishuka.

Kisha kaka mwenyewe akagoma: si wa mashine hii.
Kama posa: mbuzi wamefika, majembe yamefika,
shangazi mmoja amenuna,
na hakuna anayekula.

Ilibaki kuijenga mwenyewe kutoka chanzo.
Nikasoma maelekezo, ukurasa kwa ukurasa,
mpaka sentensi iliyonikalisha chini:
ili kuijenga kompaila
uwe na kompaila.

Baba yangu alikuwa mkalimani kambini,
Kilugbara huku, Kiswahili kule, yeye katikati
akitokwa jasho kwa maneno ya watu wengine.
Nilimwuliza, nikiwa na miaka saba:
aliyekufundisha, alifundishwa na nani?
"Na mwingine."
Na yule wa kwanza kabisa?
Akafikiri, akiwa na kiatu kimoja mkononi.
"Yule alionyesha kwa vidole."

Stoo kulikuwa na kompyuta ya msaada,
kazi yake kuzuia mlango usijibamize.
Tuliipangusa, tukaiazima waya wa birika.
Iliamka ikikohoa, ikidai ni mwaka elfu mbili na tatu.
Na ndani yake, kizee kisicho na meno,
toleo ambalo hata waliolitunga wamelisahau:
kompaila.
Haikujua nusu ya maneno ya leo.
Ilijua ya kutosha kumzaa anayejua.

Saa kumi na moja ilitafuna,
betri za sola zikishuka kama uji kwenye bakuli la mgeni.
Drileba alilala juu ya madaftari.
Mimi nilihesabu mistari ikipanda
hadi nikaacha kuhesabu.

Asubuhi Candiru akanakili programu yake,
neno kwa neno, kutoka daftarini.
Akabonyeza.
Kosa, mstari wa nne: nukta-mkato haipo.

Chumba kililipuka. Watu walipiga meza, walikumbatiana,
kwa kukemewa!
Macho arobaini, muhula mzima,
na hakuna lililoiona.

Akaiweka nukta-mkato. Akabonyeza tena.
Alama ya dola ikarudi, peke yake, ikipepesa.
Drileba akainua kichwa: "Mbona haisemi kitu?"

Ikiridhika, hunyamaza.